Katikati ya Lima, Mwafrika Yupo Kila Kona

Mtu mwenye siku moja tu ya kutembea katikati ya Lima, mji mkuu wa Peru, hupewa ratiba ileile na karibu kila anayemuuliza: Plaza Mayor kwanza, walinzi wa ikulu wakibadilishana zamu mchana, kaburi la Francisco Pizarro, Mhispania aliyeuanzisha mji, ndani ya Kanisa Kuu, mifupa ya watu chini ya kanisa la San Francisco, picha kadhaa chini ya roshani za mbao, kisha kwenda kula. Ratiba hiyo haina ubaya. Sisi tuliipindua, Pizarro tukampitia haraka katikati ya safari, na naandika haya ili msomaji mwingine wa Kiswahili atakayejaaliwa kufika kule ajue kwamba mji ule una njia nyingine ya kuuona, na kwamba njia hiyo inamhusu.

Mimi ni mtu wa Songea. Sebuleni kwa bibi yangu kulikuwa na picha ya mtawa mweusi aliyeshika ufagio, na miguuni pake mbwa, paka na panya wanakula sahani moja. Nimekua nikijua huyo ni Mtakatifu Martino wa Porres, na kwamba alikuwa wa Peru, lakini Peru yenyewe ilikuwa jina tu la kutajwa kwenye litania. Kwa hiyo kazi iliponipeleka Lima na kuniachia Jumamosi nzima ya mapumziko, jambo la kwanza nililotafuta ni alikozikwa. Mwenzangu wa safari alikuwa dada mmoja wa Mombasa tuliyekuja naye kikazi, Mwislamu, mkubwa kwangu kwa umri, mwenye jicho kali kwa mambo ya majengo. Tulipatana mapema: yeye atazame kuta na mbao, mimi nitafute watu.

Kabla hujaingia mjini yafaa ujue jambo moja. Pizarro alianzisha Lima tarehe 18 Januari 1535, na Waafrika walikuwapo tangu mwanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1600, takriban nusu ya wakazi wa mji ule walikuwa Waafrika na wazao wao. Walivushwa Atlantiki hadi Cartagena, wakapitishwa nchi kavu Panama, wakapakiwa tena merikebuni kushuka Pasifiki mpaka bandari ya Callao. Walioishia Lima walikuwa waashi, maseremala, vinyozi, mayaya, wapishi, wachuuzi wa vyakula mitaani. Ukishajua hilo, huwezi kuutazama ukuta wa kale wa Lima bila kujiuliza ni mikono ya nani iliyoukandika.

Tulipanda Metropolitano, mabasi marefu yenye njia yake peke yake, mwendokasi wa kule. Yalijaa. Kila mtu alivaa begi kifuani badala ya mgongoni, nasi tukafanya vivyo hivyo, na simu tukazifungia ndani. Ilikuwa Agosti, kipupwe chao. Lima imejengwa jangwani na mvua ya maana karibu hainyeshi kabisa, lakini miezi hiyo ukungu hutanda kutoka baharini na kulowesha nguo bila wewe kuona tone likidondoka. Mtu asidanganyike na ramani akadhani yuko nchi za joto. Sweta lilitufaa tangu asubuhi hadi usiku.

Tulianzia Las Nazarenas, kanisa lililo kando ya barabara kubwa ya Tacna, lenye kelele za magari hadi mlangoni. Watalii ni wachache pale. Wanaoingia ni wenyeji, wanapiga goti, wanasali dakika chache, wanatoka kwenda kazini. Juu ya altare kuna picha ya Kristo msalabani. Picha hiyo haikuletwa na mtu. Imechorwa papo hapo ukutani, na ukuta wenyewe ni wa matofali ya udongo. Aliyeichora mwaka 1651 alikuwa mtumwa kutoka Angola. Eneo lile liliitwa Pachacamilla, na Waangola walikuwa na chama chao cha ibada hapo, mahali pa kusalia, kuzikana na kusaidiana.

Tarehe 13 Novemba 1655 tetemeko liliangusha sehemu kubwa ya mji. Ukuta wenye picha ukabaki umesimama. Watu wakaanza kukusanyika hapo usiku, wengi wao weusi, wakiimba na kupiga vyombo vyao, na wakubwa wa serikali na wa Kanisa hawakupendezwa. Mapokeo ya wenyeji yanasema mwaka 1671 ilitolewa amri picha ifutwe, na kila aliyepandishwa ngazi kwenda kuifuta alianza kutetemeka akashuka bila kuigusa. Ikaachwa. Lilipokuja tetemeko la tarehe 20 Oktoba 1687, nakala ya picha ile ilitolewa nje na kupitishwa mitaani, na mpaka leo kila Oktoba maandamano hayo hujaza mji kwa watu waliovaa zambarau. Ni miongoni mwa maandamano makubwa kabisa ya Kikatoliki duniani, na asili yake ni ukuta wa udongo wa watumwa.

Niliketi benchi ya nyuma. Dada alisimama karibu na mlango, kichwa amekifunika kama kawaida yake, na mama mmoja mzee akasogea kumpisha akidhani amekuja kusali. Harufu ya ubani ilikuwa nzito. Nilitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Jina la mchoraji wake watu hutaja hivi na vile, hakuna lililothibitika, lakini magavana wa mfalme wa Hispania waliotawala Lima wamesahaulika na kazi ya mkono wake bado inapigiwa magoti na mamilioni. Nilipotoka nilimwambia dada kwamba hata kama siku ingeishia pale, ningerudi hotelini nimeridhika.

"Isiishie," akasema. "Sijaona roshani hata moja bado."

Aliziona njiani. Kutoka Nazarenas kwenda Santo Domingo, kanisa na konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Wadominiko, ni mwendo mfupi wa mitaa iliyonyooka, na juu ya vichwa vyetu roshani za mbao zilitokeza moja baada ya nyingine, zimefungwa pande zote kwa vimiani, mtu wa ndani aone nje bila kuonekana. Dada alisimama katikati ya njia. "Hebu tazama! Wallahi ni kama niko Mji wa Kale nyumbani." Na hakuwa anabahatisha. Wahispania waliojenga Lima walitoka katika nchi iliyotawaliwa na Waislamu kwa karne nyingi, hasa upande wa Andalusia, na ufundi ule wa kuchonga mbao, wa dari za vipande vilivyopangwa nyota nyota na wa vigae vya rangi ukutani, waliuchukua kwa Waislamu. Wao wakaupeleka magharibi. Waarabu na Wahindi wakauleta pwani yetu. Iliyo maarufu zaidi ni nyumba ya Torre Tagle ya mwaka 1735, ambayo sasa ni wizara ya mambo ya nje, lakini zile tulizozipenda zaidi hazikuwa na kibao chochote. Moja ilikuwa imepinda kabisa upande mmoja na juu yake mtu ameanika soksi.

Santo Domingo ndipo alipoishi Martino. Nitasimulia kidogo habari zake, kwa sababu picha za sebuleni hazisemi mambo magumu. Alizaliwa Lima mwaka 1579. Baba yake, Juan de Porras, alikuwa Mhispania. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi kutoka Panama aliyekombolewa utumwani. Akiwa kijana alijifunza ukinyozi, na kinyozi wa zama zile alikuwa pia mtu wa kufunga vidonda, kung'oa meno na kuumika damu. Alipokwenda kwa Wadominiko, sheria haikuruhusu mtu mwenye damu ya Kiafrika au ya wenyeji wa Amerika kuwa mtawa kamili. Akapokelewa kama mtumishi aliyejitoa, kazi yake kufagia, kupiga kengele na kuuguza wagonjwa. Hadi mwaka 1603 ndipo alipoweka nadhiri kama bruda. Inasimuliwa kwamba konventi ilipozidiwa na madeni, alimfuata mkuu wake akamwomba amuuze yeye ili deni lilipwe. Alifariki tarehe 3 Novemba 1639, na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1962, chini ya Papa Yohane wa 23. Ndiyo kusema ilipita zaidi ya karne tatu. Rosa wa Lima, aliyeishi mji huohuo miaka ileile na kufariki mwaka 1617, alitangazwa mtakatifu mwaka 1671. Pengo hilo linauma, na sioni sababu ya kulifunika kwa maneno laini.

Ndani, katika ua wa kwanza, kuta zimevikwa vigae vya Sevilla vya mwanzoni mwa miaka ya 1600, vya buluu na manjano, na katikati kuna bustani ya maua na mitende. Hapo ndipo pia Chuo Kikuu cha San Marcos kilipoanzia, mwaka 1551. Dada alibaki kwenye vigae, karibu pua imguse ukuta. Mimi niliendelea hadi mahali pa kaburi la Martino, chumba kidogo mno kwa umaarufu wake. Palikuwa na familia moja ya Kiperu, mama na mabinti wawili, wamekuja na ufagio mdogo wa kupamba uliofungwa utepe. Yule mama aliniangalia, akaangalia sanamu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, Afrika. Akanishika mkono akaniuliza kama kwetu tunamjua Martino.

Kwa Kihispania changu cha kuokoteza nilimweleza kwamba kwetu zipo parokia zenye jina lake, zipo shule, wapo watoto wanaobatizwa kwa jina lake, na kwamba bibi yangu alimwomba kila mtu alipougua nyumbani. Mama yule alitafsiri maneno yangu kwa binti zake kana kwamba hawakuwa wamenisikia, kisha akanikabidhi ule ufagio niushike nisali nao. Nikasali kwa Kiswahili. Kwa sauti, kwa sababu walinisubiri nifanye hivyo. Kanisani, upande mwingine, yamewekwa mafuvu ya watakatifu watatu wa Kidominiko, Rosa, Martino na Yohane Macías, na watu hupanga foleni mbele yake. Nilipita hapo pia, lakini sala yangu ilikuwa imeshasemwa.

Hapo kuna somo la kupanga siku: makanisa mengi ya katikati ya Lima hufungwa mchana kwa saa kadhaa. Asubuhi itumie makanisani, mchana uwanjani na mezani.

Plaza Mayor, basi, tulifika mchana. Ni uwanja mpana, mzuri, majengo ya manjano, ikulu upande mmoja, Kanisa Kuu upande wa pili, na katikati chemchemi ya shaba ya karne ya 17. Hapo ndipo José de San Martín alipotangaza uhuru wa Peru tarehe 28 Julai 1821. Uhuru huo haukuwafikia watumwa. Wao walisubiri hadi mwaka 1854, Ramón Castilla alipofuta utumwa. Kaburi la Pizarro liko mara tu uingiapo Kanisa Kuu, kulia. Kisa chake ni kifupi: aliuawa nyumbani kwake mwaka 1541 na Wahispania wenzake, na kwa miaka mingi watu walionyeshwa maiti iliyokaushwa wakiambiwa ndiye, mpaka mwaka 1977 mafundi walipokuta kisanduku cha madini ya risasi chenye fuvu na maandishi yanayomtaja. Yule wa kwanza alikuwa mtu mwingine. Tulitazama, tukatoka.

Suala la chakula tulilijadili tangu usiku uliotangulia, kwa kuwa dada hali nyama isiyochinjwa kihalali. Lima si mji mgumu kwa Mwislamu mradi apende samaki. Mchana tulikula ceviche, samaki mbichi aliyekatwa vipande na kuivishwa kwa ndimu kali, pamoja na vitunguu, pilipili, kiazi kitamu na mahindi yenye punje kubwa kama kucha ya dole gumba. Dada, aliyekua akila samaki kila siku ya maisha yake, alinyamaza mpaka sahani ilipoisha, kisha akaomba nyingine. Cha kuangalia ni wali wa maharage uliokaangwa na kubanwa pamoja, chakula chenye asili ya Kiafrika kiitwacho tacu tacu. Ni mtamu, lakini mara nyingi una mafuta ya nguruwe. Uliza kwanza.

San Francisco tulienda alasiri. Humo huzunguki peke yako, unaongozwa, na kupiga picha ni marufuku. Watu hukimbilia mifupa, nami nawaelewa: chini ya kanisa walizikwa watu wanaokadiriwa kufikia 25,000, kabla makaburi ya nje ya mji hayajafunguliwa mwaka 1808, na walioichambua mifupa baadaye waliipanga kwa aina, mapaja huku, mafuvu kule, ndani ya kisima kimoja kikubwa yakiwa yamepangwa duara ndani ya duara. Mimi sikupapenda. Waliolala mle walizikwa kwa misa na machozi ya watu wao, na sasa ni pambo. Nilimuuliza kijana aliyetuongoza ni akina nani. Akasema ni watu wa kawaida wa Lima, wa kila rangi. Nikawasalimu kimoyomoyo nikapanda juu.

Kilichonikaa ni kuta. Dada ndiye aliyeninyooshea kidole sehemu moja ambako lipu ilikuwa imebanduka. Nyuma ya lipu ile iliyochorwa mistari kuigiza mawe, kulikuwa na matete. Fito zimesimamishwa, matete yamefumwa katikati, yamekandikwa udongo, yamepakwa lipu. Lima ilijifunza hivyo kwa machungu. Majengo ya mawe na matofali yaliua watu kila ardhi ilipotikisika, na tetemeko la tarehe 28 Oktoba 1746 liliubomoa karibu mji wote, wakati mawimbi yaliyofuata yaliifagia Callao. Ujenzi huu mwepesi, ambao wenyeji wa pwani ile waliujua karne nyingi kabla ya Pizarro, unayumba bila kuvunjika. Kwa hiyo makuba yale makubwa yanayoonekana ya mawe ni ya miti, matete na udongo. Nimekulia nyumba ya fito na udongo, na nimewasikia watu wengi wakiiita nyumba ya umaskini. Natamani wangesimama nami pale.

Kutoka San Francisco fuata barabara ya Áncash kuelekea mashariki, uvuke barabara ya Abancay, utafika nyumba ya karne ya 18 iitwayo Casa de las Trece Monedas. Ndani yake kuna Makumbusho ya Taifa ya Waperu wenye asili ya Afrika, yaliyofunguliwa mwaka 2009. Tulikuwa karibu peke yetu. Kuna habari za njia za watumwa, za mashamba ya miwa na pamba ya pwani, na kuna ngoma. Au tuseme badala ya ngoma: cajón, sanduku la mbao unalolikalia na kulipiga kwa viganja mbele, na taya la punda lililokaushwa mpaka meno yakacheza, ukiligonga linatetema. Kuna pia sura za watu waliorudisha heshima ya muziki na mashairi hayo karne iliyopita, ndugu wawili Nicomedes na Victoria Santa Cruz wakiwa mbele. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ya Peru iliwaomba radhi rasmi raia wake hao kwa mateso waliyotendewa. Sensa ya mwaka 2017 ilipowauliza watu wajitaje wenyewe, zaidi ya laki nane walijitaja kuwa wa asili hiyo.

Mlinzi wa zamu alitushauri tusisogee mbali zaidi upande ule jua likishazama, na tulimsikiliza. Tulirudi upande wa uwanjani, kulikokuwa na taa na watu.

Jioni ndiyo saa ya anticuchos. Ni mishkaki ya moyo wa ng'ombe. Moyo, kwa sababu nyama nzuri ilikuwa ya mabwana na matumbo yalikuwa ya watumwa, na wapishi weusi wa Lima wakayageuza kuwa chakula ambacho leo mji mzima unakipangia foleni. Mama tuliyemkuta alikuwa na jiko la mkaa la chuma lililoinuliwa hadi kiunoni. Moyo ulikatwa vipande vipana, vyembamba, umelala kwenye siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili nyekundu isiyowasha sana. Hakutumia brashi. Alikuwa na fungu la maganda ya hindi yaliyochanwa ncha, analichovya kwenye viungo na kuupaka mshikaki mmoja mmoja, moto unaruka, anaupuliza, anageuza. Anakupa na kiazi kilichochomwa ubavuni. Ukiuma, moyo ni laini kuliko unavyodhani, na moshi umeingia mpaka ndani.

Dada hakula mishkaki, lakini alisimama akimtazama mama yule mpaka akaulizwa kama anataka kujifunza. Kando yake binti mwingine alikuwa akikaanga picarones, pete za unga uliochanganywa na boga na kiazi kitamu, anazizungusha kwenye mafuta kwa kijiti kisha anazimwagia asali ya sukari guru. Dada akaniambia nimuulizie mafuta ni ya nini. Binti akainua chupa: ya mimea. Basi akala zake, kwa mikono, asali ikimchuruzika hadi kwenye mkono wa sweta, akisema angepata unga ule angezipika Ramadhani.

Kwa atakayekwenda: ukiweza kuchagua mwezi, chagua Oktoba. Siku kuu za maandamano kwa desturi ni tarehe 18, 19 na 28. Mitaa ya kati hufungwa kwa magari, hoteli hujaa mapema, na wachuuzi huuza turrón de Doña Pepa, mkate mtamu wa anisi unaosemekana ulianza kupikwa na Josefa Marmanillo, mtumwa kutoka bonde la Cañete. Makumbusho hayo ya Áncash hayamo katika ziara nyingi za kulipia, kwa hiyo mwambie anayekuongoza mapema kwamba unayataka. Na ukipata siku ya pili, vuka daraja la mawe la mwaka 1610 uende Rímac, zamani mtaa wa San Lázaro na Malambo, walikowekwa Waafrika waliokuwa wametoka tu melini. Sisi hatukufika huko. Ndege yetu ilikuwa asubuhi.